Beleshi la Osman Pasha: Siku 143 za Kuilinda Plevna

Plevna haikuwa ngome. Anayeanza kusoma habari za Osman Nuri Pasha, jenerali wa Waosmani aliyeulinda mji huo dhidi ya Warusi, lazima alishike hilo kwanza, maana ukilisahau kila kilichofuata utakiona kama muujiza. Ngome za Waosmani, yaani dola ya Waturuki, katika Bulgaria ya mwaka 1877 zilikuwa kwingine: Vidin, Nikopol, Ruse, Silistra, Shumen, Varna. Plevna, ambayo leo huitwa Pleven, ilikuwa mji mdogo uliojificha bondeni, kama kilomita 35 kusini ya Mto Danube, hauna ukuta wala mizinga ya ngome. Mali yake ilikuwa njia. Barabara za Nikopol, Svishtov, Lovech, Sofia na Vidin zilikutana hapo. Jeshi la Urusi likitaka kuvuka milima ya Balkan na kuielekea Istanbul, lingeuacha mji huo ubavuni kwake upande wa kulia, na hakuna jenerali anayelala usingizi akijua adui ameketi ubavuni mwake na barabara zote mkononi.

Urusi ilitangaza vita tarehe 24 Aprili 1877 na kuvuka Danube kule Svishtov usiku wa kuamkia 27 Juni. Osman alikuwa Vidin, mbali upande wa magharibi. Alizaliwa Tokat mwaka 1832, akasomea chuo cha kijeshi Istanbul, akapigana vita vya Crimea, kisha akatumwa Lebanon, Krete na Yemen. Vita vya Serbia vya 1876 ndivyo vilivyompandisha cheo hadi kuwa mushiri, yaani amirijeshi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Tarehe 13 Julai aliondoka Vidin na askari wapatao 15,000 na mizinga 58, shabaha yake ikiwa kuisaidia Nikopol. Tarehe 16 Nikopol ikaanguka. Akageuza njia kwenda Plevna, akaingia tarehe 19, baada ya mwendo wa takriban kilomita 180 chini ya jua la Julai.

Hapa ndipo pa kutulia kidogo, kwa sababu saa zile za kwanza ndizo zilizoamua miezi mitano iliyofuata. Askari waliofika hoi kamanda wa kawaida huwapeleka mjini wakale, walale, kazi ianze kesho. Osman aliwapandisha vilimani, kaskazini na mashariki ya mji, akawaambia wachimbe. Mizinga ya Kirusi ilianza kunguruma siku hiyohiyo. Alfajiri ya tarehe 20 Jenerali Schilder-Schuldner alishambulia na watu wasiofika 9,000, kutoka pande mbili zilizoachana mno kiasi cha kushindwa kusaidiana, na bila kujua nani yuko mbele yake. Warusi wengine walifika hadi kwenye nyumba za mwanzo za mji kabla ya kutimuliwa. Walipoteza zaidi ya watu 2,500. Mahandaki ya Waturuki siku hiyo yalikuwa michirizi tu, kina cha kumfunika mtu aliyepiga goti. Hata hivyo yalitosha, kwa kuwa yalikuwa mahali panapofaa.

Kazi kubwa ilifanywa katika siku kumi zilizofuata, na msanifu wake alikuwa mhandisi Tevfik, ambaye baadaye naye alipewa cheo cha pasha. Udongo ulisaidia sana. Uwanda wa Danube una udongo laini wa manjano ambao beleshi huuingia bila kupigana nao, na ukiwa mkavu ukuta wa handaki husimama wima bila kushikiliwa na mbao. Mvua ikinyesha ni habari nyingine, udongo uleule hugeuka tope linalovua mtu viatu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kwanza mstari wa bunduki, uliochimbwa kwenye mteremko, chini kidogo ya kilele cha kilima. Askari anayesimama kileleni huonekana akiwa na mbingu nyuma yake, tena chini ya pua yake kuna eneo la mteremko asiloweza kulipiga risasi. Akishuka hatua kadhaa, mteremko wote unakuwa wake. Udongo uliochimbuliwa hutupwa mbele na kulazwa polepole, usiwe kilima kilichosimama kinachomwonyesha adui pa kulenga. Nyuma, juu zaidi, lilijengwa boma la udongo lenye pembe nne, limezungukwa na mtaro, ukuta wake mnene wa kumeza kombora la mzinga wa uwanjani. Kanuni ya wahandisi wa zama hizo ilitaka udongo wa mita tatu na zaidi. Ndani ya boma ziliinuliwa kuta fupi za kukatiza, ili kombora likiangukia kona moja vipande visifagie boma zima, na chini ya kuta hizo yakachimbwa mapango ya kujikinga. Mwisho ilichimbwa njia iliyozama kwenda nyuma, ya kupitishia maji, risasi na majeruhi. Palipowezekana mistari ya bunduki iliwekwa miwili, au hata mitatu, mmoja juu ya mwingine, watu wa juu wakipiga juu ya vichwa vya walio chini.

Warusi waliitwanga kazi hiyo kwa mizinga siku nzima nzima na kupata faida ndogo ajabu. Makombora yao yalibeba baruti kidogo, na yalipopiga udongo laini yalizama kwanza ndipo yakalipuka, yakirusha vumbi jingi na kuua wachache. Wakati wa mizinga Waturuki waliacha walinzi wachache mbele, wengine wakaingia mapangoni. Usiku walitoka na mabeleshi, kufikia asubuhi boma lilikuwa limerudi lilivyokuwa, pengine nene zaidi. Ulinzi wa namna hii unadai nidhamu ya wakati: mizinga ikinyamaza, watu wawe kwenye nafasi zao kabla askari wa miguu wa adui hawajamaliza kuupanda mteremko. Wakichelewa dakika chache, pango linakuwa mtego.

Kuhusu bunduki kuna hadithi ambayo imependwa kuliko inavyostahili. Inasemwa kwamba Plevna iliokolewa na Winchester, bunduki ya Kimarekani ya kufyatua risasi nyingi bila kujaza upya. Ni kweli Waosmani walinunua Winchester zipatazo 50,000, na ni kweli kwamba kwa umbali wa hatua mia mbili zilitisha. Lakini risasi yake ilikuwa dhaifu, na Mrusi aliyefika hatua mia mbili tayari alikuwa amepita kwenye moto mkubwa zaidi. Kazi yenyewe ilifanywa na Peabody-Martini, bunduki ya risasi mojamoja ya milimita 11.43, ambayo Istanbul iliagiza 600,000 kutoka kiwanda kimoja cha Rhode Island, Marekani. Askari aliyezoea alipiga kama mara kumi kwa dakika, na risasi ilifika mbali kuliko jicho linavyoweza kulenga vizuri. Wengi wa Warusi walibeba Krnka, ambayo kipimo chake cha kulengea kiliishia hatua 600, kama mita 430. Matokeo yake, safu za Urusi zilianza kuangusha watu zikiwa karibu kilomita mbili kutoka kwenye mahandaki, mahali ambapo vitabu vyao vya mafunzo viliwafundisha kutembea kwa mpangilio na bendera juu.

Waturuki hawakulenga mtu mmojammoja kwa umbali huo. Walimwaga risasi juu ya eneo, kama mvua inavyolowesha shamba bila kuchagua jani. Namna hiyo ya kupiga ina gharama yake, na mwenye kutaka kumwelewa Osman afanye hesabu. Askari 1,000 wakipiga risasi tano tu kwa dakika, kwa dakika kumi wamemaliza 50,000. Risasi moja na ganda lake ni gramu 50 hivi. Sanduku la 500 lina kilo 25 bila kuhesabu mbao zake. Basi dakika kumi za moto wa kikosi kimoja ni masanduku 100, tani mbili na nusu, mzigo wa nyumbu 25 wakibebeshwa masanduku manne kila mmoja. Ndiyo sababu masanduku yaliwekwa mahandakini mapema, yakiwa wazi, kando ya askari, kuongezea zile risasi zilizokuwa mkobani. Kuyapeleka vita vikishaanza kungekuwa kumtuma nyumbu akafe njiani. Matatizo mengine hayakuwa na dawa: mtutu huwaka moto, baruti nyeusi huacha masizi, na moshi wake hulifunika handaki mpaka mpigaji hamwoni tena anayempiga.

Tarehe 30 Julai Jenerali Krüdener alikuja na watu kama 30,000 na mizinga 176. Alishindwa vibaya zaidi, akapoteza zaidi ya 7,000. Hofu ilisambaa hadi kwenye daraja la Svishtov, watu wakakimbilia kuvuka Danube kurudi walikotoka, na Mwanamfalme mkuu Nicholas, kamanda wa jeshi lote la Urusi, akalazimika kuomba msaada wa Waromania ambao mwanzoni alikuwa hawathamini.

Osman hakuwafuata. Waandishi wengi wamemlaumu kwa hilo, na lawama hiyo si ya bure: pengine ilikuwa fursa pekee ya vita vile. Ila mtu ahesabu alichokuwa nacho. Wapanda farasi wake walikuwa wachache, mikokoteni haikutosha, na askari wake waliozoea kusimama handakini hawakuwa wamefundishwa kutembea kwa vikosi vikubwa uwanjani mbele ya mizinga. Tarehe 31 Agosti alijaribu, akatoka kwenda kushambulia Pelishat na Zgalevitsa upande wa mashariki. Alipoteza watu wapatao 1,300 bila kupata kitu. Uwiano wa hasara uligeuka siku ile ile alipotoka nje ya udongo wake. Siku tatu baadaye, tarehe 3 Septemba, Warusi wakauteka Lovech na kuikata barabara ya kusini.

Shambulio la tatu ndilo maarufu. Warusi na Waromania walikuwa zaidi ya 80,000 na mizinga zaidi ya 400. Osman alikuwa na watu wasiozidi 36,000 na mizinga 72. Mizinga ilipigwa siku nne mfululizo kuanzia tarehe 7 Septemba. Tarehe 11, sikukuu ya mtakatifu aliyempa jina Tsar Alexander wa Pili, mfalme wa Urusi, askari wa miguu wakaingia, Tsar mwenyewe akitazama kutoka kilimani. Mvua ilikuwa imenyesha, ukungu umetanda, na ule udongo wa manjano tayari ulikuwa tope. Mashariki, Warusi na Waromania waliteka boma la kwanza la Grivitsa baada ya kumwaga damu nyingi, kisha wakagundua kwamba mita mia chache nyuma yake liko boma la pili, ambalo ramani zao hazikulionyesha, linalowatazama moja kwa moja. Boma hilo la pili hawakulipata mpaka mwisho wa mzingiro.

Kusini, Jenerali Skobelev alifanikiwa kuliko wote. Alitwaa maboma mawili karibu kabisa na mji, na kwa usiku mmoja Plevna ingekuwa mikononi mwake kama angesaidiwa. Hapo ndipo ufundi wa Tevfik ulipojionyesha. Maboma yale yalikuwa wazi upande wa nyuma, upande unaoutazama mji. Anayelishikilia akitazama kusini ana ukuta. Anayeliteka na kulazimika kutazama kaskazini hana kitu. Askari wa Skobelev, ambao mabeleshi yalikuwa haba kwao, walichimba kwa singe, kwa vyombo vya kulia chakula na kwa kucha zao. Wengine walipanga maiti wawe ukuta. Wakati huohuo Osman alifanya jambo ambalo makamanda wengi huogopa: aliwaondoa askari kwenye pande ambazo bado zilikuwa zikitishiwa, akazikusanya nguvu zote kusini, akikisia kwamba Warusi wa mashariki wamechoka na hawatarudia siku ya pili. Alikisia sawa. Tarehe 12, baada ya mashambulizi kadhaa yaliyorudishwa nyuma, Waturuki waliyarudisha maboma yote mawili. Hasara ya siku hizo kwa washambuliaji ilizidi watu 15,000.

Istanbul ilisherehekea. Sultani Abdulhamid wa Pili alimpa Osman lakabu ya Ghazi, yaani shujaa mshindi, na kwa maoni yangu msiba wa Plevna ulianzia hapo. Osman aliujua ukweli kuliko waliokuwa wakimshangilia. Mji ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake. Umewachelewesha Warusi hadi vuli. Aliomba ruhusa ya kurudi nyuma kwa barabara ya Sofia hadi Orhanie, vilimani, wakati njia bado iko wazi. Akajibiwa abaki. Magazeti ya Ulaya yalikuwa yakiandika jina la Plevna kila siku, na mji ukishakuwa jina, serikali huona haya kuuacha. Misafara miwili mikubwa ilipenya mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, ikaleta chakula, risasi na askari. Ilirefusha ulinzi, lakini iliongeza midomo na kuwapa Istanbul sababu ya kutobadili neno.

Upande wa pili Tsar alimwita Eduard Todleben, mhandisi mzee aliyeilinda Sevastopol miaka ya 1854 na 1855. Mtu aliyewahi kuzingirwa anajua kinachomuuma mzingirwa. Todleben aliitazama ardhi na kukataa shambulio la nne. Aliamuru mizinga ielekezwe sehemu moja kwa wakati mmoja badala ya kutawanywa, mahandaki ya Kirusi yachimbwe kuzunguka mji wote, na barabara ya Sofia ikatwe.

Namna ilivyokatwa inafaa kuangaliwa kwa karibu, maana Warusi walijifunza somo lao ndani ya siku nne. Tarehe 24 Oktoba Jenerali Gurko na vikosi vya Gadi, askari wateule wa Tsar, walivamia boma la Gorni Dubnik kwa miguu, safu kwa safu, wakapoteza zaidi ya 3,000 kuteka kituo kimoja cha barabara. Siku hiyohiyo kikosi kingine kilijaribu Telish kwa mtindo uleule kikarudishwa. Tarehe 28 Gurko alirudi Telish na mizinga zaidi ya 60, akaizungushia kituo kile, akapiga kwa saa chache, na walinzi wakasalimu amri akiwa karibu hajapoteza mtu. Telish ilikuwa ndogo, makombora yaliweza kukutana juu yake kutoka pande zote, jambo ambalo mzunguko mpana wa Plevna haukuliruhusu. Dolni Dubnik iliachwa yenyewe. Tangu hapo hakuingia mtu wala gunia.

Miezi ya mwisho haina ujanja wa vita wa kusimulia. Posho ilipunguzwa, kisha ikapunguzwa tena. Kuni ziliisha kabla ya unga, baridi ikaingia mahandakini ambako watu walikuwa wakilala kwenye maji. Homa na kuhara viliua kuliko makombora. Dawa za hospitali zilikwisha. Charles Ryan, daktari wa Australia aliyekuwa akihudumu upande wa Waturuki, aliona jinsi majeruhi wengi walivyokataa kukatwa mkono au mguu hata pale ambapo kukataa kulikuwa kufa. Kiongozi anayepanga chakula cha siku mia lazima apange na wagonjwa wa siku mia, na hesabu hiyo Plevna haikuwahi kuwa nayo. Madaktari walikuwa wachache tangu Julai, na hakuna msafara ulioziba pengo.

Mwanzoni mwa Desemba chakula kilibaki cha siku chache. Osman aliitisha baraza, ikaamuliwa kutoka kwa nguvu kupitia magharibi, kuvuka Mto Vid. Jeshi liligawanywa mafungu mawili: la kwanza livuke chini yake mwenyewe na kupasua mzingiro, la pili chini ya Adil Pasha lilinde nyuma kisha lifuate. Usiku wa kuamkia 10 Desemba maboma yakaachwa kimyakimya. Kikwazo kilikuwa daraja. Familia za Waislamu wa mji, zilizoogopa kulipiziwa kisasi, zilifuata jeshi na mikokoteni yao, na njia ya kuelekea mtoni ikaziba. Fungu la kwanza lilivuka hata hivyo, likakimbia uwanda ulio wazi, likawatwaa Warusi mstari wa kwanza wa mahandaki na mizinga yake. Mstari wa pili ukasimama mpaka Jenerali Ganetsky alipoleta askari wake wa akiba. Osman alipigwa risasi mguuni, farasi wake akauawa, na neno likaruka kwamba Pasha amekufa. Waliokuwa wakisonga mbele wakaanza kurudi mtoni. Nyuma yao Warusi na Waromania walikuwa wameshaingia kwenye maboma matupu, kwa hiyo hapakuwa na pa kurudi.

Mchana bendera nyeupe ilipandishwa. Zaidi ya watu 40,000 na mizinga 77 vikaingia mikononi mwa Warusi. Tsar alimrudishia Osman upanga wake. Heshima hiyo haikuwafikia askari wa kawaida: maelfu yao walikufa kwa baridi na njaa walipotembezwa kwenye theluji kuelekea Danube na Urusi, na majeruhi walioachwa mjini wengi hawakuonekana tena wakiwa hai.

Je, siku zile 143 zilinunua nini? Zilinunua muda, na muda huo ulitumiwa vibaya na wengine. Jeshi bora zaidi la Waosmani lilikuwa kwa Suleiman Pasha, ambaye badala ya kuja Plevna alilivunjavunja kwenye Mlango wa Shipka mwezi Agosti, akiwatuma watu kupanda miamba uso kwa uso, kisha akarudia Septemba. Januari 1878 Warusi walivuka Balkan kwenye theluji, wakalisambaratisha jeshi lake karibu na Philippopolis, ambayo leo ni Plovdiv, na tarehe 31 Januari mkataba wa kusimamisha vita ukatiwa saini Edirne.

Osman alikaa kifungoni Kharkov hadi 1878, akarudi Istanbul kupokewa kama mshindi. Alikuwa waziri wa vita zaidi ya mara moja na mkuu wa kasri la Sultani, kazi za ofisini ambazo hazikumpa sifa mpya. Alifariki Aprili 1900, akazikwa kwenye uwanja wa Msikiti wa Fatih. Kwa upande wao Warusi walikwenda kutengeneza silaha ambayo walikuwa wameikosa mbele ya maboma yake: katika miaka ya 1880 jeshi lao lilipata mzinga mfupi wa inchi sita unaorusha kombora juu ili liangukie ndani ya handaki, badala ya kuupiga udongo ulio mbele yake.